Kamera za filamu zilizotumika: Mambo ya kukagua kabla ya kununua na kuvusha mpaka

Mwalimu anayefundisha upigaji picha kwa mkanda huagiza kamera yenye sifa tatu: iwe ya milimita 35, iendeshwe kwa mkono, na bei yake iwe ndani ya uwezo wa mwanafunzi. Viwanda vingi viliacha kutengeneza kamera za namna hiyo, hivyo zinazopatikana kwa bei nafuu ni mitumba. Kwa mfanyabiashara anayepokea oda hiyo, faida au hasara huamuliwa siku ya ununuzi.

Aina zinazofaa

Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 na ilitumika sana madarasani. Shata yake hufanya kazi bila betri. Betri ndogo ya kifungo huendesha kipimo cha mwanga tu. Kipimo hicho hakina swichi, kwa hiyo lenzi ifunikwe wakati wote kamera isipotumika, la sivyo betri itakwisha njiani.

Nikon FM2, iliyoanza kuuzwa 1982, nayo hupiga picha bila betri na ni imara, lakini kwa kawaida bei yake iko juu. Canon AE-1 ya 1976 hadi 1984 ni nzuri pia, ila bila betri ya volti 6 haipigi kabisa. Olympus OM-1 ilibuniwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena katika nchi nyingi. Betri mbadala ya volti 1.5 inaweza kupotosha kipimo cha mwanga.

Ukaguzi wa dakika tano

1. Fungua mgongo wa kamera bila mkanda, vuta wenzo, kisha piga kwa kasi mbalimbali. Kwenye sekunde 1 shata ibaki wazi sekunde nzima. Kwenye 1/1000 mwanga upite mara moja na kutoweka.

2. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni kuvu. Katika miji ya pwani yenye unyevunyevu kama Mombasa na Dar es Salaam, kuvu huendelea kukua kamera ikifungiwa sandukuni.

3. Fungua sehemu ya betri. Kutu ya kijani ni dalili ya betri iliyovuja.

4. Gusa sponji nyeusi kwenye kingo za mgongo. Ikinata au kumomonyoka, mwanga utaingia na kuharibu mkanda. Hii si sababu ya kuikataa kamera, kwani sponji hubadilishwa, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei.

Hesabu ya shehena

Tuchukue mfano wa kamera 10 zilizonunuliwa kwa dola 40 kila moja. Usafiri, ushuru na gharama nyingine zikifika dola 200, jumla ni dola 600, yaani dola 60 kwa kamera. Tatu zikikutwa mbovu, zile 7 zilizobaki zimegharimu karibu dola 86 kila moja. Muuzaji aliyekwisha kukubaliana na shule bei ya dola 75 amepata hasara kabla ya kulipa gari. Ndiyo maana kununua kwa fungu bila kukagua ni hatari, hata bei ikionekana ndogo.

Mpakani

Katika orodha ya forodha, kamera ya mkanda iko chini ya namba 9006, wakati kamera ya dijitali iko chini ya 8525. Kuziandika pamoja kama "kamera" tu kunaweza kuchelewesha mzigo.

Aidha, Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kamera iliyotengenezwa Japani haiwi bidhaa ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Anayeivusha Namanga au Busia abebe ankara na hati za uingizaji wa awali, na amuulize wakala wa forodha kiwango cha ushuru na masharti ya bidhaa zilizotumika kabla ya kulipa.

Usafirishaji

Kamera ifungwe peke yake, na betri itolewe. Mikanda isiachwe juu ya dashibodi, joto huiharibu. Kwa ndege, mikanda iwe kwenye mzigo wa mkononi na abiria aombe ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine za mzigo wa chini zina mionzi mikali zaidi.

Kabla ya kukubali oda, muuzaji aulize pia shule itasafisha wapi mikanda. Mji usio na chumba cha giza wala studio inayosafisha hautakuwa na oda ya pili.