Kisima cha Batina na Kina cha Pampu Yake

Ndugu wa ukoo mliopo Maskati, Dubai, London na Unguja,

Wengi wenu mmeandika kuuliza kwa nini fedha za ukoo zimenunua pampu tatu kwa kisima kimoja. Mnastahiki kuelezwa, na maelezo yenyewe hayana budi kuanzia mbali.

Babu yetu alikichimba kisima kile kwa mikono, katika mchanga na changarawe za mwambao wa Batina. Zama hizo maji yalitekwa kwa zajra: fahali akishuka njia ya mteremko huku akivuta kamba iliyopita juu ya gurudumu la mbao, na ndoo ya ngozi ikapanda kujimwaga katika birika. Fahali akichoka, kisima nacho kilipumzika. Jamaa zetu waliohama Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakapokelewa Oman kuanzia mwaka 1970, waliikuta mashine ya dizeli pahala pa fahali. Mashine haikuchoka.

Baadaye tundu likatobolewa chini ya kisima hadi mita 24, likavikwa bomba lenye chujio baina ya mita 20 na 23, na ikanunuliwa pampu ya umeme ya kuzamishwa. Asili ya pampu ya namna hii ni visima vya mafuta. Armais Arutunoff, mzaliwa wa Dola ya Urusi, ndiye aliyeieneza Marekani katika miaka ya 1920. Pampu ikaayo juu ya ardhi haiwezi kufyonza maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane hivi. Hii huzama pamoja na mota yake, ikayasukuma maji kutoka chini.

Fundi wa kwanza aliishusha hadi karibu na sakafu, akidhani huko ndiko kwenye maji mengi. Kumbe huko ndiko mchanga unakotuama. Mota hukaa chini ya mdomo wa pampu, nayo hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Ilipofukiwa na mchanga ikaungua, na mapanga ya ndani yalikutwa yamelika kama yaliyopigwa tupa. Fundi wa pili akaogopa mchanga. Alipima maji alfajiri, yakiwa yametulia kwenye mita 11, akaitundika pampu kwenye mita 13. Kufikia adhuhuri maji yalikwisha shuka chini ya mdomo wake, pampu ikavuta hewa, nayo ikaungua.

Mara ya tatu tulipima wenyewe, kwa kamba yenye mafundo. Tuliiacha pampu ya kuazima ifanye kazi mpaka maji yakome kushuka: yakakoma kwenye mita 15. Tukaitundika yetu kwenye mita 18, chini ya maji yanaposhuka na juu ya chujio, ili maji yapandayo yaipoze mota kwanza. Mchanga umepungua mno.

Chumvi, hata hivyo, haikupungua. Badon Ghyben na Herzberg walionyesha, zaidi ya miaka mia iliyopita, kwamba penye pwani kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huegemea takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiishusha ile mita moja, bahari hupanda taratibu kujaza pengo. Mindimu ya babu, isiyostahamili chumvi, imekwisha, mitende ingalipo.

Baadhi ya vijana wetu wanataka tuchimbe hadi mita 30 na kuishusha pampu zaidi. Serikali ya Oman iliyatangaza maji kuwa mali ya taifa mwaka 1988, na kukiongeza kina kisima kunahitaji kibali. Lakini hata kibali kikipatikana, mimi siafiki, kwani tutakuwa tunaifuata bahari kwa miguu yetu. Kwa sasa pampu huwashwa saa mbili alfajiri na saa mbili jioni.

Shauri hili litazungumzwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kamba ya mafundo itakuwapo mezani.