Kimo, Mwinuko na Mteremko: Historia ya Ramani za Nchi baina ya Bumula na Kitale

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi sura ya nchi, yaani vilima, mabonde na nyanda zake, ilivyoingizwa katika ramani za magharibi ya Kenya, hasa eneo lililo baina ya Bumula, Bungoma na Kitale. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vyombo na wapimaji. Hapa itadaiwa kwamba ni historia ya maneno vilevile, na kwamba maneno hayo yamekuwa na uzito katika maisha ya watu sawa na vipimo vyenyewe.

Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa linakusanya aina tatu za nchi katika masafa mafupi. Bumula, iliyo kusini-magharibi ya mji wa Bungoma, ni nchi ya mawimbi mepesi, yenye vijito vya polepole na mabonde mapana yasiyo na kina kirefu. Kitale iko juu zaidi, katika uwanda wa Trans Nzoia. Na juu ya zote mbili umesimama mlima ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda huuita Masaba, ambao katika ramani umeandikwa Elgon, jina lililotokana na lugha ya Kimaasai. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina kimo cha mita 4,321. Bungoma ina kimo cha kiasi cha mita 1,400, na Kitale kiasi cha mita 1,900.

2. Ramani ya maneno

Neno "ramani" lenyewe lina historia ya baharini. Wataalamu hulihusisha na "rahmani", kitabu cha manahodha wa Bahari ya Hindi, ambacho jina lake lilitokana na Kiajemi kwa maana ya kionyesha njia. Ramani ya nahodha ilihusu bandari, nyota, miamba na kina cha maji. Haikuwa na haja na milima ya bara ila pale ambapo mlima ulionekana kutoka majini na kuwa alama ya kuelekezea chombo.

Habari za bara zilikuwa kwa watu wa misafara, nazo zilihifadhiwa kwa kusimuliwa. Ushahidi bora ni wa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, kusini ya Mombasa. Simulizi zake za njia za misafara kutoka pwani hadi bara ziliandikwa na mmisionari Thomas Wakefield, zikachapishwa mwaka 1870 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Kabla ya tiodolaiti yoyote kufika katika sehemu hizo, wachoraji wa ramani wa Ulaya walikuwa tayari wakitumia maneno ya msafiri wa pwani: siku ngapi za mwendo, maji yako wapi, kuna mlima gani na upande upi.

Joseph Thomson alipofika Masaba mwaka 1883 na kuyaona mapango yake, alikuwa amesafiri sehemu ya njia pamoja na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyeijua nchi ya Wamaasai kuliko mgeni yeyote. Si ajabu basi kwamba jina lililoshika katika ramani ni lile la Kimaasai. Mlima haukupewa jina na wakazi wa miguuni pake, bali ulipewa jina na wale waliosimulia njia ya kuufikia. Hili ni jambo la kwanza la kuzingatiwa: ramani hufuata lugha ya mwelekezaji kabla ya kufuata lugha ya mwenyeji.

3. Kupima kimo

Wasafiri wa wakati ule walipima kimo kwa njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni baromita, chombo kinachopima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri mtu anavyopanda. Ya pili ni kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa sababu maji huchemka mapema zaidi mahali pa juu. Joto la kuchemkia hupungua kwa kiasi cha digrii moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Maji yanayochemka pwani kwa digrii 100 yatachemka Bungoma baina ya digrii 95 na 96, na Kitale baina ya 93 na 94. Yaani tofauti yote iliyopo baina ya miji hiyo miwili haifiki digrii mbili. Msafiri aliyekosea digrii moja tu aliweza kuinua au kushusha kilima kwa mita 300.

Usahihi uliletwa na haja ya reli. Garimoshi haliwezi kupanda mteremko mkali, kwa hiyo mhandisi hana budi kujua kimo cha kila hatua ya njia yake. Kapteni J.R.L. Macdonald aliongoza upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria katika miaka ya 1891 na 1892. Baadaye njia nyingine ilipandishwa hadi Timboroa, penye kimo cha mita 2,743. Ikafika Eldoret mwaka 1924, tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapitia Webuye na Bungoma kuelekea Uganda, hata Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Stesheni nyingi za njia hizo ziliandikiwa kimo chake kwa futi kwenye bango, chini ya jina la mahali. Kwa abiria wengi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona nchi yao ikihesabiwa kwa namba iliyoanzia baharini, kwani vimo vya Kenya hupimwa kutoka usawa wa bahari katika Mombasa.

Kuhusu namna ya kuonyesha miinuko juu ya karatasi, mbinu zilizotumika zilikuwa nyingi. Ramani za kale zilichora milima kama vichuguu vilivyopangwa safu. Mwaka 1799, Johann Georg Lehmann wa Ujerumani alieleza kanuni za kuchora vistari vifupi vinavyofuata mteremko, ambavyo huzidi kuwa vizito kadiri mteremko unavyozidi kuwa mkali. Mbinu iliyoshinda hatimaye ni kontua, yaani mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja. Mstari huu ulianzia majini. Mholanzi Nicolaas Cruquius aliutumia katika ramani yake ya mwaka 1729 kuonyesha kina cha mto Merwede. Nchini Uingereza, Charles Hutton aliutumia alipofanya hesabu za vipimo vilivyochukuliwa mwaka 1774 katika mlima Schiehallion wa Uskoti.

4. Nyanda za Juu: neno na sheria

Ramani zilizofuata katika eneo letu hazikutengenezwa kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Katika Trans Nzoia, mashamba yaliyogawiwa walowezi, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yalipimwa kwa vyombo, yakawekewa mawe ya mpaka, na kila shamba likawa na mchoro wake. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliruhusu ukodishaji wa miaka 999, na hati ya muda mrefu namna hiyo haiwezi kusimama bila mpaka uliopimwa. Bumula na nchi nyingine ya Wabukusu zilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika. Huko kilichopimwa ni mpaka wa hifadhi. Mashamba ya ndani yaliachwa katika kumbukumbu za wazee.

Tofauti hiyo ilipewa jina la kijiografia. Sehemu zilizotengewa walowezi ziliitwa "Nyanda za Juu", na mwaka 1939 mipaka yake ikathibitishwa kwa amri ya serikali ya Uingereza. Mtu aisomaye ramani ya miinuko ataona mara moja kwamba neno hilo halikuwa kipimo. Miteremko ya kusini ya Masaba, yenye sehemu zilizo juu kuliko Kitale, haikuwa "Nyanda za Juu". Wala milima ya Kisii haikuwamo, ingawa ni nchi ya juu kwa kila kipimo. Neno la kimo lilikuwa limeacha kutaja kimo cha ardhi, likawa linataja haki ya mtu. Hali hiyo ilidumu hadi karibu na uhuru wa mwaka 1963. Hata baada ya vizuizi hivyo kuondolewa, swali la Kitale ni ya nani halikumalizika. Tume ya mipaka ya majimbo ya mwaka 1962 iliiweka Trans Nzoia katika Bonde la Ufa, jambo lililopingwa vikali na viongozi wa Waluhya.

5. Picha za ndege na hati za mashamba

Mwaka 1946 Uingereza iliunda Idara ya Upimaji wa Makoloni chini ya Martin Hotine, na ndege za jeshi la anga zikaanza kupiga picha sehemu kubwa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pande mbili, zikitazamwa pamoja, humwezesha mpimaji kuona nchi ikiinuka na kuchora kontua zake bila ya kupanda kila kilima. Ndivyo zilivyopatikana ramani za 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita 1.

Ramani hizo husema mengi juu ya Masaba na machache juu ya Bumula. Tuseme nafasi baina ya kontua moja na nyingine ni mita 20. Mahali penye mteremko wa mita moja kwa kila mita 5, kontua zitafuatana kila milimita 2, na jicho litaona mlima. Mahali penye mteremko wa mita moja kwa kila mita 50, zitaachana kwa sentimita 2, na karatasi itaonekana tupu. Hata hivyo, ndani ya mita hizo 20 mna tofauti ambazo mkulima wa Bumula hawezi kuzipuuza: ardhi inayotuama maji na ile isiyotuama, ukingo wa kijito, mgongo unaofaa kujengwa nyumba. Karatasi tupu si nchi tupu.

Picha za ndege zilitumika pia katika uandikishaji wa ardhi, ulioshika kasi chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968. Katika sehemu nyingi za Kenya, michoro ya mashamba ilitolewa katika picha zilizokuzwa bila kusahihishwa kwa ajili ya miinuko. Athari yake ni rahisi kukadiriwa. Ndege ikiwa mita 6,000 juu ya bonde, kilima kilicho mita 300 juu ya bonde hilo kiko karibu zaidi na kamera, na shamba la ekari 10 juu yake litaonekana kama la ekari 11. Katika nchi kama Bumula, penye tofauti ya mita 60 tu, kosa ni kiasi cha asilimia 2. Sheria yenyewe ilikiri udhaifu huo iliposema kwamba ramani ya masjala huonyesha mipaka kwa kukadiria. Lakini mwenye shamba aliyeona namba ya ekari katika hati yake hakuwa na sababu ya kujua kwamba namba hiyo ilitegemea kimo cha ardhi yake. Ndugu wawili wanaogawana urithi juu ya mteremko wanaweza kushtakiana kwa ekari ambayo haikuwapo ila katika picha.

6. Suala la istilahi

Hapa ndipo kazi ya mtaalamu wa lugha inapoanza. Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza mambo haya, lakini matumizi yake yamechanganyika. Husemwa kwamba mlima una "urefu" wa mita kadhaa, na neno hilohilo hutumiwa kwa barabara. "Mwinuko" hutumiwa kwa maana tatu: umbali kutoka usawa wa bahari, kupanda kwa nchi kuliko mahali palipoizunguka, na ukali wa mteremko.

Katika makala haya maneno matatu yametenganishwa kwa makusudi. "Kimo" ni hesabu kutoka usawa wa bahari. "Mwinuko" ni kiasi ambacho mahali pamepanda kuliko jirani zake. "Mteremko" ni kadiri ya kushuka au kupanda katika umbali fulani. Kwa mpango huo yawezekana kusema kwa usahihi kwamba Bumula ina kimo kikubwa na mwinuko mdogo. Kwamba Masaba una kimo cha mita 4,321 lakini mwinuko wa kiasi cha mita 3,000 kutoka nyanda za miguuni pake. Na kwamba kosa la picha ya ndege hutokana na mwinuko. Shamba lililo juu sana laweza kupimwa sawasawa kama nchi inayolizunguka ni tambarare. Kwa neno moja la "mwinuko" kubeba maana zote tatu, sentensi hizo haziwezekani.

"Kontua" lina mahali pake katika vitabu vya jiografia vya Kiswahili nchini Tanzania, wala hakuna haja ya kulitafutia badala. Yafaa lakini liambatane na maneno ya lugha za wenyeji. Lubukusu lina "lukulu" kwa mlima au kilima, na bila shaka kila lugha ya eneo hili ina maneno yake ya ardhi oevu, ukingo na mgongo, ambayo kontua za mita 20 haziwezi kuyaonyesha. Kuyakusanya ni kazi ya idara za lugha, nayo inapaswa kufanywa wakati wazee walioonyesha mipaka ya mashamba wangali hai.

7. Hitimisho

Tangu Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipopima sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika siku kumi na moja, kimo cha mahali popote baina ya Bumula na Kitale kinaweza kupatikana bila mtu kutoka nyumbani. Vipimo havina uhaba tena. Kinachohitajika ni mwananchi aweze kuvisoma katika lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya, lakini ramani na hati za ardhi zinaendelea kuzungumza Kiingereza. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba neno la kimo liliwahi kutumiwa kumnyima mtu ardhi. Ni haki basi maneno ya kimo yatengenezwe kwa uangalifu ili yamsaidie kuilinda.