Maji ya Rejeta

Barabara ya Kitale–Lodwar ikisimuliwa, huwa ni hadithi ya wafadhili, wakimbizi na mafuta. Maji hayatajwi. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu gari likichemka kati ya Kainuk na Lokichar, kiu yake huishia kwenye jerikeni ya mtu.

Mkoloni aliifanya Turkana wilaya iliyofungwa: huingii bila kibali. Alipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, alimpeleka Lokitaung, kisha Lodwar, hadi 1961. Magari ya zamani kama Ford Model T mengi hayakuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka. Kwa joto la huku, linalopita digrii 35 siku nyingi, hayo ni matumaini tu. (Wapenzi wa Safari Rally watakumbuka mshindi wa 1954: Vic Preston, na Volkswagen isiyo na rejeta kabisa. Injini yake hupozwa na hewa.)

Lami ilikuja miaka ya 1980 kwa msaada wa Norwei. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na nchi hiyo kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, Wanorwei wakafunga virago. Miaka miwili baadaye kambi ya Kakuma ikafunguliwa, malori ya chakula yakaanza kupita, na lami isiyo na wa kuitunza ikaliwa mpaka madereva wakaona afadhali washuke kando, mchangani. Hapo ndipo historia inapoingia chini ya boneti. Mchangani unaenda na gia ya pili, injini inanguruma, upepo wa mbele hakuna. Mashimo yanatikisa rejeta mpaka mshono unaachia. Klipu ya mpira inalegea. Maji yanapotea tone kwa tone na hujui.

Halafu kuna suala la kusimama. Kwa miaka mingi magari yalisindikizwa na polisi kutoka Kainuk, kwa sababu ya majambazi na uhasama wa mpakani. Mshale wa joto ukipanda, dereva alikuwa na hesabu mbili: asimame apigwe risasi, ama aendelee achome silinda hedi. Wengi waliendelea. Nadhani nusu ya injini zilizokufa njia hii ziliuawa na woga, na sina wa kumlaumu.

Niliwahi kukaa Kalemng'orok saa tatu nzima gari la kukodi likiwa wazi boneti. Nilinyoosha mkono kwa kifuniko cha rejeta.

"Wacha hiyo kitu, kijana," dereva akasema. "Itakuchoma uso."

Ni kweli. Kifuniko kizima hushikilia presha, na kwa presha hiyo maji hufika karibu digrii 120 bila kuchemka. Ukifungua, yote yanalipuka kuwa mvuke.

Tulingoja. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza, maji yanatoka nje au yanaingia ndani? Huku ukitafuta tone utakosa, joto limeshalikausha. Unatafuta doa jeupe, kama chokaa, kwenye mipira, kwenye mshono wa rejeta, chini ya pampu. Akachomoa kijiti cha oili, akafungua na kifuniko chake: ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, gaskiti imeungua na maji yanachanganyika na oili. Ilikuwa nyeusi safi. Moshi mweupe hakukuwa. Kisha akaona doa chini ya pampu. "Sili imekwisha," akasema, kama mtu aliyekuta funguo zake mfukoni. (Fundi mwingine angetoa thamostati atupe, tabia ya kila gereji nchini, na pampu ingeendelea kuvuja.)

Tulihitaji maji ya kufika Lokichar, tukiongeza njiani. Mama mmoja alikuja na jerikeni ya lita 20 aliyoitoa kwenye mchanga wa laga.

"Ejoka, mama. Tusaidie na maji kidogo."

"Hata watoto hawajakunywa," akasema. Lakini akatumiminia lita tano. Hakutaka pesa, aliomba chupa zetu tupu.

Watoto wa barabara hii huinua mitungi kama hiyo gari likipita, wakiita "ngakipi!" Maji. Ukitoka Nairobi, unaweza kudhani wanakupungia mkono.

Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa karibu na Lokichar. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna bahari ya maji. Yalipopimwa baadaye yakawa na chumvi nyingi. Mwaka 2018 malori yalianza kuteremsha mafuta Mombasa, na wenyeji wakayazuia wakidai usalama kwanza.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi pia. Ukimwaga kwenye rejeta unafika leo, lakini yanaacha ukoko kwenye mirija, na safari ijayo gari linachemka mapema zaidi. Madereva wanaolijua hilo hubeba jerikeni mbili kutoka Kitale. Ya rejeta hufika Lodwar ikiwa imejaa. Ile nyingine, dereva wetu aliniambia, haijawahi kupita Kalemng'orok.