Fidia ya Ardhi Ukonga na Kipawa

Fidia ya ardhi ni malipo anayostahili mtu ambaye ardhi yake imetwaliwa na Serikali kwa manufaa ya umma. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini. Mwananchi anayo haki ya kuikalia na kuitumia, kwa hati, kwa leseni au kwa mila. Kwa hiyo Serikali inapotaka kujenga uwanja wa ndege, barabara au reli haihitaji kumbembeleza mwenye nyumba aiuzie. Inatangaza, inathamini, inalipa, inachukua. Kinachomkinga mwenye nyumba ni masharti ya sheria kuhusu kiasi cha malipo na muda wa kulipa, na kati ya hayo mawili muda ndio uliowaumiza zaidi watu wa ukanda wa Ukonga.

Ukonga ni kata ya wilaya ya Ilala, kusini-magharibi mwa kitovu cha Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Ukitoka mjini unapita TAZARA, Vingunguti na uwanja wa ndege, unafika Banana, kisha Ukonga yenyewe na gereza lake, halafu Gongo la Mboto na Pugu. Kila kitu kikubwa ambacho jiji linahitaji kimepitia huku: Reli ya Kati, uwanja wa kimataifa, kambi za jeshi, barabara ya mabasi yaendayo haraka hadi Gongo la Mboto, na reli ya kisasa yenye stesheni yake Pugu, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mto Msimbazi nao chanzo chake ni vilima vya Pugu. Kila kimoja kati ya hivyo kina mpaka wake wa hifadhi, na ndani ya mipaka hiyo watu walikuwa wamekwisha kujenga.

Msingi wa kisheria

Sheria mama ni Sheria ya Utwaaji Ardhi Na. 47 ya 1967. Inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kueleza manufaa hayo ni yapi. Mwenye ardhi hupewa taarifa, na kwa kawaida hutakiwa kuondoka baada ya wiki zisizopungua 6. Chini ya sheria hiyo kilicholipwa hasa kilikuwa maendelezo: nyumba, kisima, miembe, minazi. Udongo wenyewe ulihesabiwa kama hauna bei. Nyumba ilithaminiwa kwa gharama ya kuijenga upya, ikapunguzwa uchakavu. Aliyekuwa na nyumba ya zamani ya udongo kwenye kiwanja kizuri karibu na barabara ya lami alilipwa udongo wa ukutani, na uzuri wa kiwanja ukaenda bure.

Mabadiliko yalianzia mahakamani. Ibara ya 24 ya Katiba ya 1977, iliyoingia pamoja na haki za msingi katika mabadiliko ya 1984, inamhakikishia kila mtu haki ya kumiliki mali na kukataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili. Tarehe 21 Desemba 1994, Mahakama ya Rufani ikikaa Arusha chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitoa hukumu katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Ardhi iliyobishaniwa ilikuwa ya kijiji cha mkoa wa Arusha, mbali kabisa na Pugu, lakini uamuzi wake unamgusa kila mkazi wa Ukonga asiye na hati. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia haiwezi kufungwa kwenye majengo na mazao peke yake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna hukumu iliyomfaa mlalahoi wa Tanzania kuliko hii.

Bunge lilifuata. Baada ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, ilitungwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kifungu chake cha 3 kinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kinaweka bei ya soko kuwa kipimo. Kanuni za tathmini za mwaka 2001 zikaorodhesha mafungu yake. Juu ya thamani ya ardhi na nyumba inaongezwa posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa wastani wa riba ya amana za benki za biashara kwa miezi 12. Inaongezwa posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mara 36: nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi inampa mwenyewe shilingi 3,600,000 za kujihifadhi wakati anajenga kwingine. Mwenye duka au mashine ya kusaga hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. Makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969.

Inapaswa kutajwa kwamba posho za makazi, usafiri na faida hazilipwi kwa kiwanja kitupu. Wengi huko Ukonga na Pugu walinunua viwanja wakaviacha wakikusanya tofali kidogo kidogo, na siku ya malipo wakashangaa jirani mwenye chumba kimoja amewapita mbali.

Kipawa, 1997

Mwaka 1997 wathamini waliingia Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, mitaa inayopakana na uwanja wa ndege, kwa ajili ya upanuzi. Utaratibu wa tathmini unajulikana na kila aliyewahi kuupitia. Mwenyekiti wa mtaa anatangulia na wajumbe wake. Mthamini anapima kuta, anahesabu vyumba, milango na miti, anaandika kwenye fomu. Mwenye nyumba anasimama mbele ya mlango wake ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha, anatia saini au dole gumba. Kisha anaambiwa asiendeleze chochote, kwa kuwa kitakachoongezwa baada ya hapo hakitalipwa.

Katazo hilo ndilo lililogeuka kuwa adhabu. Malipo ya Kipawa yalianza kutoka zaidi ya miaka 10 baadaye, na suala la Kipunguni lilikuwa bado linaulizwa bungeni katika miaka ya 2020. Muda wote huo nyumba zilisimama kama zilivyopigwa picha. Bati likitoboka, mwenyewe alijiuliza kama kuna maana kulibadilisha. Mtoto wa kiume akioa, hakuna chumba cha kuongeza uani. Benki haikopeshi kwa dhamana ya nyumba inayosubiri kuvunjwa, na mpangaji anayejua kwamba nyumba itaondoka halipi kodi ya maana. Thamani iliyoandikwa 1997 ilibaki kwenye karatasi huku saruji, nondo na viwanja vya Kinyerezi na Chanika vikipanda kila mwaka.

Tathmini ya 1997 ilifanyika kabla Sheria ya Ardhi haijatungwa, na malipo yakaja wakati inatumika. Wakazi walidai wahesabiwe kwa sheria mpya, yaani bei ya soko na posho zake. Upande wa Serikali ulishikilia kwamba utwaaji ulianza chini ya sheria ya 1967. Kwa hoja tupu za kisheria msimamo wa Serikali unaeleweka, maana sheria kwa kawaida hairudi nyuma. Lakini aliyechelewesha malipo mpaka sheria ikabadilika si mkazi, na ni vigumu kuona haki iko wapi katika kumfanya yeye abebe hasara ya muda ambao hakuuchagua.

Waliolipwa walitawanyika. Wengine walipewa viwanja Pugu Mwakanga, wengine wakatafuta wenyewe huku na huko pembezoni. Kiwanja cha Pugu kilikuwa kimepimwa na kina namba, jambo ambalo Kipawa wengi hawakuwa nalo, na hilo ni faida ya kweli. Hasara ilikuwa umbali. Mama aliyekuwa akiuza chakula kwa wafanyakazi wa uwanja wa ndege na viwanda vya Barabara ya Nyerere alihama pamoja na masufuria yake, lakini wateja wake walibaki kule kule. Kanuni za 2001 zinamlipa mwenye biashara faida aliyoipoteza pale anapoweza kuonyesha hesabu zake, na mama lishe hana daftari.

Uwanja wenyewe ulizidi kukua: jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka.

Alama ya X

Si kila anayevunjiwa hulipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimia katikati ya barabara. Nyumba iliyokutwa ndani ya mita 22.5 huchorwa X nyekundu: imevamia hifadhi, mwenyewe aibomoe bila malipo. Iliyo kati ya mita 22.5 na 30 huchorwa X ya kijani, kwa kuwa barabara ndiyo iliyoifuata, na huyo anastahili fidia. Barabara ya Morogoro ilikuwa na kipimo chake, mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kipimo hicho. Mabondeni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bomoabomoa ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2015 ilitegemea katazo hilo.

Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia hufuata kipimo kingine. Masharti ya benki hiyo yanataka hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi alipwe jengo lake na kusaidiwa kuhama. Ndiyo maana ndani ya jiji moja mtu mmoja aliyejenga pasiporuhusiwa huondoka mikono mitupu na mwingine kama yeye huondoka na hundi, kutegemea fedha za mradi zimetoka wapi. Tofauti hiyo haina utetezi, na ingefaa iondolewe kwa kuipandisha sheria ya nchi ifikie masharti ya wafadhili.

Wala si kila malipo ya nyumba ni fidia ya ardhi. Milipuko ya mabomu ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011 iliua watu zaidi ya 20 na kuharibu nyumba nyingi za Ukonga na jirani zake. Malipo ya waathirika hao hayakuwa fidia ya utwaaji ardhi, bali yaliangukia upande wa maafa, ambao leo unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022.

Sheria ya Uthamini ya 2016

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya 2016 inasomeka kama jibu kwa Kipawa, ingawa Kipawa haitajwi. Tathmini ya fidia lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yanatakiwa kufanyika ndani ya miezi 6. Yakipita hapo riba inaanza kuhesabiwa. Ikitimia miaka 2 bila malipo, tathmini inakufa na kazi inaanza upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo mamlaka haiwezi tena kumfungia mtu nyumba yake kwa picha ya zamani. Kenya ilifika huko kwa njia ya Katiba: Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inadai fidia ya haki, kamili na inayolipwa bila kuchelewa, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia.

Bado kuna tundu. Sheria haisemi mtu afanye nini na nyumba yake kati ya tathmini iliyokufa na tathmini mpya, na ofisi nyingi za mitaa huendelea kumzuia asijenge hata baada ya miaka 2 kupita. Mkazi aliye katika hali hiyo anapaswa kudai kwa maandishi aonyeshwe tangazo la utwaaji na tarehe ya kuidhinishwa kwa tathmini. Ikionekana muda umepita, katazo la kuendeleza linabaki bila miguu.

Malalamiko

Mgogoro wa mpaka kati ya majirani wa Ukonga huanzia baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu na haliamui, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fidia ya utwaaji haifuati njia hiyo, kwa sababu mdaiwa ni Serikali. Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, na tangu 2020 Mwanasheria Mkuu aunganishwe hata pale anayeshtakiwa ni halmashauri au wakala. Notisi iliyokosewa huangusha kesi nzima kabla ushahidi haujasikilizwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya chini, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hupokea mashauri ya wasioweza kulipa wakili. Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini fomu ya tathmini ina nafasi ya picha moja, na mke anayetaka jina lake liwemo katika malipo anashauriwa kulidai siku hiyo hiyo mthamini akiwa bado uani, mbele ya mwenyekiti wa mtaa.