Mwalimu Ugenini: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Darasa la Berlin

Sisi wenyeji wa nyanda za kati twakijua Kiswahili kama lugha ya pili. Ya kwanza ni Kigogo, au Kirangi, au Kisandawe. Kiswahili kilitufikia kwanza pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, ambayo ilipita Ugogo na kuwalipa watemi hongo ili ipate maji na chakula. Kisha kilitufikia kwa njia ya boma. Wajerumani waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1889, na reli yao, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910. Mgogo aliyeitwa bomani alisemeshwa kwa Kiswahili, naye alipaswa kujibu kwa hicho hicho. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Kiswahili cha boma kilikuwa na darasa lake mbali sana, katika mji wa Berlin.

Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa huko mwaka 1887. Maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokusudia kuja Afrika ya Mashariki walifundishwa humo na mwalimu wa Kijerumani pamoja na msaidizi mwenye lugha yake. Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said wa Unguja. Akamfuata Amur bin Nasur, ambaye naye aliandika habari za maisha yake ya ugenini. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, kijana aliyepata elimu ya dini ya Kiislamu na aliyewahi kukusanya kodi ya serikali.

Yafaa tujiulize: mtu huyu alipata nini katika kubadilishana huko kwa lugha? La kwanza alilopata ni macho mapya. Mtu aishiye kwao hana haja ya kueleza kwa nini mtoto hutiwa jandoni, au mahari hupangwa vipi, au maiti huzikwaje. Mambo hayo huyatenda tu. Mtoro alipokaa mbele ya watu wasiojua lolote, alilazimika kuyatazama ya kwao kama mtu anayeyaona mara ya kwanza, na kuyapanga kwa maneno. Hivyo ugeni ulimkuza akawa mwandishi. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake. Hata hivyo jina lililokaa mbele ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyekikusanya. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndiyo iliyomtambua Mtoro waziwazi kuwa mtunzi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mtoro alicheza ugenini. Alilalamikia dharau ya baadhi ya wanafunzi wake, vijana waliotaka maneno kinywani mwake lakini hawakutaka kumheshimu mwenye kinywa. Mwaka 1905 kazi yake chuoni ikakoma. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walisafiri pamoja kurudi Afrika, lakini serikali ya koloni haikukubali ashuke pwani na mke mweupe. Mtoro hakumwacha mkewe. Walirudi Ujerumani wote wawili. Baadaye, tangu 1909 hata 1913, alifundisha Hamburg kwa Carl Meinhof. Na mwaka 1927 akafariki Berlin, asiione tena Bagamoyo.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tukiipima habari hii kwa methali hiyo, twaona kuwa darasa lilimpa Mtoro wanafunzi wengi, na urafiki wa kweli aliupata nje ya darasa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Waliojifunza pale walijifunza lugha ili waamrishe, na anayejifunza ili aamrishe hukoma kusikiliza mara apatapo maneno ya kutosha kutoa amri. Rafiki, kinyume chake, huendelea kuuliza.

Leo Dodoma yenyewe imekuwa mji wa wanaojifunza lugha. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2013 ikafunguliwa humo Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina. Vijana wetu huvuka bahari kwenda kusoma, na wageni huja kwetu kutafuta Kiswahili. Kabla hatujawasifu walimu na wanafunzi wa pande zote mbili kwa wingi wa maneno waliyojifunza, tuulize maswali mawili tu: je, kila mmoja amefundisha na kufundishwa? Na kazi waliyoifanya pamoja, ina jina la nani mbele yake?