Kutaka na Wakati Ujao: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Will"

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "will" ni alama ya wakati ujao, kama ilivyo -ta- katika Kiswahili. Hukariri hivyo asiulize alama hiyo imetoka wapi. Lakini historia ya neno hili dogo ina uzito kuliko umbo lake, kwa kuwa yagusa hoja iliyopata kutolewa juu ya lugha za Afrika Mashariki: kwamba vitenzi vyake vyaonyesha jinsi wasemaji wake wanavyoufikiria, au wasivyoufikiria, wakati ujao.

Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa "willan", na maana yake ilikuwa kutaka, kupenda au kukusudia. Ni ndugu wa "wollen" ya Kijerumani, na wa mbali wa "velle" ya Kilatini, ambayo nayo ni kutaka. Maana hiyo ya asili haijafa. Nomino "will" hata leo ni nia au utashi. Na kwa jina hilo hilo huitwa wasia, yaani maandiko ambamo mtu hueleza alitakalo litendwe baada ya kufa kwake. Katika enzi hiyo ya kale kitenzi kiliweza pia kuunganika na neno la kukanusha, kikawa "nyllan", kutotaka. Na mabaki yake yamo katika usemi "willy-nilly", ambao asili yake ni atake asitake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiingereza cha Kale hakikuwa na umbo maalumu la kitenzi kwa wakati ujao. Kilikuwa na njeo mbili tu, ya yaliyopita na ya yasiyopita, na hiyo ya pili ilitumika kwa ya leo na ya kesho pia. Mtawa Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000, alipofika kwenye njeo ya Kilatini ya wakati ujao aliifasiri kwa kitenzi cha wakati uliopo, akaongeza maneno ya kuonyesha kwamba tendo ni la baadaye leo au kesho. Hata hivyo Waingereza wa zama hizo walipanda mbegu wakingoja mavuno, walikopeshana, na waliandika wasia. Kesho waliijua vyema. Kitenzi chao ndicho ambacho hakikuwa na alama yake.

Alama ilipokuja kupatikana, ilitokana na vitenzi viwili vyenye maana zao kamili. Cha kwanza ni "shall", ambacho zamani kilikuwa "sceal", kuwiwa au kupaswa. Nasaba yake ni moja na ya neno la Kijerumani "Schuld", lenye maana ya deni na hatia. Cha pili ni "will". Njia moja, basi, ilianzia kwenye deni na nyingine kwenye tamaa. Katika tafsiri ya Biblia inayohusishwa na John Wycliffe, ya miaka ya 1380, njeo ya Kilatini ya wakati ujao ilifasiriwa kwa kawaida kwa "shall", na "will" ikabaki zaidi na maana ya kutaka. Mwaka 1653 John Wallis, katika sarufi yake ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, aliweka kanuni ya kuvigawa: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri, na "will" huahidi au hutisha, katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Vitabu vya shule viliirudia kanuni hiyo kwa vizazi vingi, ingawa usemi wa kila siku haukuifuata sana, na ufupisho "'ll" uliufuta mpaka wenyewe.

Badiliko hili la maana si la ajabu. Anayesema kwamba ataka kuondoka humfanya msikilizaji atarajie kuondoka kwake. Matarajio hayo yakizoeleka huwa ndiyo maana, na kutaka kukasahauliwa. Ndipo kitenzi huweza kutumiwa kwa mvua na jiwe, visivyo na utashi. Kiyunani kilipita njia iyo hiyo: alama yake ya sasa "tha" imetokana na kitenzi cha kutaka.

Kiswahili nacho kimepita huko. Kiambishi -ta- ni ufupisho wa kitenzi -taka. Ushahidi ulio wazi umo katika vitenzi vyenye urejeshi, ambamo umbo zima limehifadhiwa: twasema "atakayekuja" na "nitakapofika". Tena, katika "atakuja" na "atakula" imebaki ile ku- ya kitenzi-jina, kana kwamba bado twasema "ataka kuja". Ku- hiyo huonekana pia baada ya -na-, -li- na -me-, ambazo nazo zina asili ya maneno yaliyojitegemea. Kwa hiyo peke yake haithibitishi -taka, bali yaonyesha tu kwamba palikuwa na maneno mawili. Na maana ya kati, iliyo baina ya tamaa na wakati, ingali hai: husemwa kwamba mvua yataka kunyesha, au ukuta wataka kuanguka.

Mwaka 1969 John Mbiti, katika kitabu chake *African Religions and Philosophy*, alizichunguza njeo za Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba zile za wakati ujao hazivuki miezi michache, au miaka 2 kwa wingi. Kutokana na hilo, pamoja na hoja nyingine, alihitimisha kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo. Wanafalsafa kadhaa walimpinga, miongoni mwao Kwame Gyekye, mwaka 1987, kwa mifano ya Kiakan cha Ghana. Historia ya "will" yaongeza pingamizi la upande mwingine. Ikiwa njeo ni kipimo cha fikra, Mwingereza wa mwaka 1000 hakuwa na kesho kabisa. Na wa leo, ambaye kwa "will" moja husema ya jioni hii na ya karne ijayo, ana fikra finyu kuliko Mkamba, ambaye kitenzi chake hupambanua ya karibu na ya mbali. Hakuna anayekubali hitimisho hilo kwa Kiingereza. Halifai kukubaliwa kwa Kikamba.

Uchunguzi wa Mbiti juu ya maumbo una thamani yake, na ulifungua mjadala uliohitajika. Kinachotakiwa ni kutenga mambo mawili: umbo ambalo lugha imelijenga, na jambo ambalo wasemaji wake waweza kulisema. La kwanza hutokana na safari ndefu ya maneno, kama ile ya "willan" na -taka. La pili hutafutwa katika usemi mzima: katika vielezi, methali, nadhiri, wasia na mikataba ya mahari. Mwalimu anayelinganisha "will" na -ta- darasani ana nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba lugha mbili zisizo na udugu zilianza na kutaka, zikafika kwenye kesho.