Umri wa Ziwa Tanganyika na Saa za Atomu

Historia ya Kigoma na Ujiji iliyoandikwa na wageni wa Ulaya huanza mwaka wa 1858, Burton na Speke walipofika ziwani. Masimulizi ya wazee yarudi nyuma zaidi. Lakini mtu wa Rusimbi aulizapo ziwa lenyewe lina umri gani, hapana barua wala mzee awezaye kumjibu. Mashahidi waliobaki ni matope na mawe.

Mwaka wa 1993 Cohen, Soreghan na Scholz waliwahoji mashahidi hao. Walipima kwa mawimbi ya mtetemo unene wa matope yaliyolala chini ya ziwa, na kwa kaboni 14 wakajua yaongezeka kwa kasi gani. Wakakadiria kuwa bonde la kati la ziwa lilianza kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita. Kabla yao, mwaka wa 1961, Leakey, Evernden na Curtis walitumia potasi 40, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa arigoni, wakalipa tabaka la Zinjanthropus huko Olduvai umri wa miaka milioni 1.75. Kazi zote mbili zasimama juu ya msingi mmoja, kwamba viini vya atomu huoza kwa mwendo usiobadilika.

Yafaa tuuchunguze msingi huo. Baada ya Becquerel kugundua unururifu mwaka wa 1896, wataalamu walijaribu joto, baridi na shinikizo, wasione badiliko lo lote. Hata hivyo, mwaka wa 1947 Segrè na Daudel walieleza kuwa kiini kiozacho kwa kumeza elektroni ya atomu yake, kama kile cha berili 7, hakina budi kuzitegemea elektroni hizo. Tofauti zilizopimwa baadaye zilikuwa ndogo mno. Swali likabaki: itakuwaje atomu ikivuliwa elektroni zote?

Jibu lilipatikana Darmstadt, Ujerumani, katika taasisi ya GSI. Hapo pana mrija usio na hewa uliopindwa kama pete, wenye mzunguko wa mita 108. Sumaku huzishika ioni zisitoke njiani, nazo huzunguka kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru, karibu mara milioni mbili kila sekunde. Mwaka wa 1992 watafiti waliingiza humo disprosi 163, ambayo katika atomu kamili haiozi. Ilipovuliwa elektroni zake zote 66, ilioza, nusu yake ikiisha kwa siku 47. Sababu ni kwamba elektroni itokayo katika kiini hukuta nafasi za ndani zi wazi, ikakaa papo hapo. Mwaka wa 1996 ikaja zamu ya reni 187. Katika atomu kamili, nusu yake huisha kwa miaka bilioni 42 hivi. Ilipovuliwa, miaka 33.

Je, tarehe za Tanganyika na Olduvai zimetanguka? La. Ni kweli kwamba potasi 40 isiyo na elektroni haiwezi kumeza isichokuwa nacho, na njia yake ya kuwa arigoni ingekaribia kufungwa kabisa. Lakini katika jiwe la Olduvai na tope la ziwa, atomu hazivuliwi elektroni zao za ndani namna hiyo. Uchi huo ni wa matumbo ya nyota. Apaswaye kujihadhari ni yule atumiaye reni kukadiria umri wa galaksi yetu, kwa kuwa sehemu ya reni hiyo ilipata kupita katika nyota.

Mwanahistoria hampokei shahidi kabla ya kujua alisimama wapi. Vivyo hivyo, tuandikapo katika vitabu vya Kiswahili kuwa mwendo wa uozo "haubadiliki kamwe", twasema kupita ushahidi. Yatosha kuandika kuwa haubadiliki kwa kiasi cha kudhuru hesabu, maadamu atomu ina elektroni zake. Kwa sharti hilo dogo, umri wa ziwa wasimama.